Mwanamke Asiyehesabiwa: UKIMWI, Ukatili na Ulemavu nchini Uganda, 1982–2010

Mwaka 1987 vilizaliwa nchini Uganda vyama viwili ambavyo mwanafunzi yeyote wa historia ya kisasa ya nchi hii atakutana navyo, ila ni nadra akutane navyo katika sura moja ya kitabu. Cha kwanza ni TASO, kilichoanzishwa na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake ili kuwahudumia watu wenye UKIMWI na jamaa zao. Cha pili ni NUDIPU, muungano wa kitaifa wa watu wenye ulemavu. Serikali mpya ilikuwa imeingia madarakani mwaka mmoja tu kabla, baada ya vita. Hospitali zilikuwa hoi, na watu walikuwa wamejifunza kujipanga wenyewe. Inafaa pia kukumbuka kwamba Kaleeba, kabla kifo cha mumewe mnamo Januari 1987 hakijamsukuma kuanzisha TASO, alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika Hospitali ya Mulago. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wanyooke na watembee tena. Kama kulikuwa na mtu aliyezijua pande zote mbili kwa karibu, alikuwa yeye. Hata hivyo ilichukua miaka ishirini na moja, mpaka Machi 2008, ndipo lilipotolewa Azimio la Kampala kuhusu Ulemavu na UKIMWI, lililotaka watu wenye ulemavu waingizwe katika mipango ya Afrika ya kupambana na VVU.

Makala hii inauliza nini kilitokea katika miaka hiyo, hasa kwa mwanamke. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mwanamke mwenye ulemavu alisahauliwa. Mimi sikubaliani nalo. Kusahau hakuna mantiki, na hapa mantiki ipo. Kulikuwa na dhana moja, iliyoshikwa na wataalamu na watu wa kawaida vilevile, kwamba mwanamke asiyeona, asiyesikia, asiyetembea au mwenye ulemavu wa akili hana mume, hana mpenzi na hajui tendo la ndoa. Dhana hiyo ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ilimwambia mpanga mipango kwamba mwanamke huyu hahitaji kuelezwa habari za kondomu wala kupimwa damu. Na ilimwambia mwanamume mwenye nia mbaya kwamba mwanamke huyu ni "safi", hana virusi, na tena hatakuwa na wa kumshtakia. Kwa hiyo wazo lililomwacha nje ya kinga ndilo hilo hilo lililomvutia hatari mlangoni.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1982 huko Kasensero, kijiji cha wavuvi na wafanya magendo kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, wilayani Rakai. Watu waliuita siliimu kwa sababu ulimkondesha mtu mpaka akabaki mifupa, na kwa jina hilo la mtaani ndivyo ulivyoingia katika jarida la Lancet mnamo Oktoba 1985. Mwaka uliofuata Waziri wa Afya, Ruhakana Rugunda, alisimama mbele ya Mkutano wa Afya Duniani mjini Geneva akakiri kwamba Uganda inao ugonjwa huo, wakati serikali nyingi za Afrika bado zilikuwa zinaukana. Hii ndiyo sehemu ya historia tunayoipenda, na tuna haki ya kuipenda.

Lakini tazama namna ujumbe ulivyosafirishwa. Redio Uganda ilitanguliza mlio wa ngoma kabla ya tangazo la UKIMWI, ngoma ya hatari ambayo kijijini ilipigwa moto unapowaka au adui anapoingia. Mabango yalibandikwa kwenye zahanati na barabarani. Kauli mbiu iliyovuma ilichukuliwa kwa wafugaji: ng'ombe alishiwe nyumbani, asitoke nje kutafuta majani ya jirani. Philly Lutaaya alipotangaza hadharani mwaka 1989 kwamba anaishi na virusi, alizunguka shuleni na makanisani akiimba na kuzungumza mpaka alipofariki Desemba mwaka huo. Mwaka 1993 likaja gazeti la vijana la Straight Talk. Ngoma, bango, wimbo, gazeti. Kila chombo kilichotumika kilidai sikio au jicho, na mara nyingi vyote viwili. Kiziwi hakuisikia ngoma. Kipofu hakuliona bango, na kama mtu aliye karibu naye hakuona sababu ya kumsomea (na kwa nini amsomee, ikiwa "yeye hana mambo hayo"?), basi ujumbe uliishia hapo.

Mtu anaweza kusema kwamba nchi maskini iliyokuwa ikizika vijana wake kila wiki haikuwa na muda wa kutafuta wakalimani. Hoja hiyo ina uzito kwa mwaka 1987. Haina uzito huo kwa mwaka 1997. Katikati hapo ilipatikana Katiba ya mwaka 1995, ambayo inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, inatamka haki ya watu wenye ulemavu kuheshimiwa utu wao, na katika malengo yake ya kitaifa inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama ya viziwi. Watu wenye ulemavu walipata viti vitano bungeni, na mabaraza ya chini yakatengewa nafasi za mwanamume na mwanamke wenye ulemavu. Kwa upande wa siasa, Uganda ilikwenda mbele kuliko majirani wengi. Kamusi ya Lugha ya Alama ya Uganda, kazi ya Chuo Kikuu cha Kyambogo, ilitoka mwaka 2006. Yaani mwanamke kiziwi alikuwa na mwakilishi bungeni miaka kumi kabla lugha yake haijawa na kamusi ambayo muuguzi angeweza kuifungua.

Jambo la pili ni hesabu. Uganda ilipata sifa duniani kwa sababu takwimu zake zilishuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika baadhi ya vituo vya mijini, karibu asilimia 30 ya wajawazito walikutwa na virusi. Baada ya miaka kumi kiwango kilikuwa kimeporomoka. Tunapaswa kujiuliza takwimu hizo zilitoka wapi. Zilitoka hasa kwenye damu ya wanawake waliohudhuria kliniki za wajawazito. Njia hiyo ilikuwa na busara yake, maana wajawazito ni watu wanaofanya tendo la ndoa bila kinga na wanakuja wenyewe hospitalini. Ila mwanamke anayetambaa kwa mikono hawezi kwenda kliniki iliyo kilomita kadhaa. Akifika, anakuta kitanda cha kujifungulia kiko juu kama meza ya duka, na pengine anakuta wauguzi wanaouliza kwa mshangao nani amempa mimba na kwa nini amekubali. Wanawake walioeleza mambo haya wako katika ripoti nitakayoitaja mbele kidogo. Wengi huchagua kujifungulia nyumbani. Asiyefika kliniki hatoi damu, na asiyetoa damu hayumo kwenye asilimia. Sisemi kwamba mafanikio ya Uganda ni uongo. Ninasema kwamba chanzo chetu kikuu cha historia hii kilimwacha nje mtu fulani kwa utaratibu wake chenyewe, na mwanahistoria anayekinukuu bila kulitaja hilo anarudia kosa la kliniki.

Sasa ukatili. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa jambo la ndani ya nyumba, lisilohusiana na maradhi. Kilichobadilisha mtazamo ni Rakai yenyewe, kule ugonjwa ulikoanzia. Watafiti waliokuwa wakifuatilia VVU wilayani humo waliwahoji wanawake 5,109 wa umri wa kuzaa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Asilimia 30 walikuwa wametishiwa kupigwa au wamepigwa na mwenzi waliyekuwa naye wakati huo. Asilimia 20 yaliwapata ndani ya mwaka mmoja uliopita. Na miongoni mwa hao wa karibuni, chini kidogo ya nusu walikuwa wamepata majeraha. Takwimu iliyonukuliwa zaidi ni ile ya kwamba asilimia 90 ya wanawake na 70 ya wanaume waliona kuna hali ambamo kumpiga mke ni sawa. Kila mhadhiri wa jinsia anaijua. Mimi nadhani iliyo muhimu zaidi ni nyingine: mwanamke aliyemwona mwenzi wake kuwa katika hatari kubwa ya VVU alikuwa pia katika hatari kubwa zaidi ya kupigwa. Mwanamume mlevi, mwenye wanawake nje, mwenye mkono mwepesi, mara nyingi ni mtu mmoja. Uchambuzi wa baadaye wa wanawake wa Rakai, uliochukua data za kuanzia 2000 hadi 2009 na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kufanyiwa ukatili na wenzi wao walipata maambukizi mapya kwa kasi iliyozidi ya wengine kwa zaidi ya nusu.

Agosti 2003 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu ukatili wa majumbani na VVU nchini Uganda. Wanawake walieleza jinsi walivyoogopa kwenda kupima, walivyoogopa kurudi na majibu, na jinsi kumwomba mume avae kondomu kulivyokuwa kama kumshitaki uzinzi. Wakati huo mpango wa kuzuia mama asimwambukize mtoto, uliotokana na utafiti wa dawa ya nevirapini uliofanyika Mulago na kutangazwa mwaka 1999, ulikuwa umeanza kuenea. Mpango huo uliokoa watoto wengi. Lakini pia ulimfanya mke awe wa kwanza kupimwa nyumbani, na anayepimwa kwanza ndiye anayeambiwa ameuleta ugonjwa.

Ningependa kutaja hapa juhudi moja, kwa kuwa inatugusa sisi wanafunzi wa Kiswahili. Shirika la Raising Voices la Kampala lilipotaka jina la programu yake ya kupambana na ukatili na VVU kwa pamoja, lilichagua neno la Kiswahili: SASA! Katika mji ambao Kiganda ndiyo lugha ya soko na Kiingereza lugha ya ofisi, neno lililoonekana kutomwelemea mtu yeyote lilikuwa letu. Programu hiyo ilijaribiwa katika maeneo ya Rubaga na Makindye kati ya 2007 na 2012, wanajamii wa kawaida wakizungumza na majirani zao juu ya madaraka ndani ya nyumba, na si kuwahubiria. Mwishoni, ukatili wa kupigwa katika mwaka uliopita ulikuwa pungufu kwa asilimia 52 katika maeneo yaliyofikiwa ukilinganisha na yasiyofikiwa, ingawa watafiti wenyewe waliacha nafasi pana ya makosa kwa sababu maeneo yaliyolinganishwa yalikuwa machache. Ni mfano mzuri wa vitu viwili, ukatili na virusi, kuonwa kuwa kimoja. Cha tatu, ulemavu, hakikuwa kiini cha kazi hiyo.

Na cha tatu hicho hakikai pembeni. Rudi kwenye takwimu ya majeraha ya Rakai. Kipigo huvunja mkono, hutoboa sikio, hupofusha jicho. Mwanamke anaweza kuingia katika ndoa bila ulemavu akatoka nao, na virusi juu yake. UKIMWI nao huzalisha ulemavu kwa njia zake. Homa ya uti wa mgongo inayowashambulia wenye kinga ndogo huwaacha baadhi yao bila kuona au bila kusikia. Sindano za streptomaisini za kutibu kifua kikuu, ugonjwa unaofuatana na VVU kama kivuli, ziliweza kuharibu usikivu. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, vidonge vingi vya mwanzo vilikuwa na stavudini, dawa ya bei nafuu iliyookoa maisha lakini ikaziharibu neva za miguu ya baadhi ya watumiaji hadi kukanyaga chini kukawa mateso. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziiache polepole. Kwa hiyo kuzungumzia "wenye VVU" na "wenye ulemavu" kama makundi mawili ya watu ni kosa la kihistoria. Mtu huyo huyo alihama kutoka daftari moja hadi jingine, na mara nyingi hakuandikwa katika lolote.

Mahali ambapo mambo yote matatu yalikutana bila kificho ni kaskazini. Vita vya Lord's Resistance Army vilianza mwaka ule ule wa 1987 na havikutulia mpaka mkataba wa kusitisha mapigano uliotiwa saini Juba mwezi Agosti 2006. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walisukumwa katika kambi. Waasi waliwakata watu midomo, masikio na pua; mabomu ya ardhini yaliwakata miguu wanawake waliokwenda kulima au kuchota maji; wasichana walitekwa na kupewa makamanda kuwa "wake". Ndani ya kambi zenyewe, zilizokuwa zikilindwa na jeshi la serikali, wanawake hawakuwa salama pia. Hapa niseme neno ambalo sisi tunaosoma Kiswahili hatupendi kulisikia: kwa wanawake wengi wa Acholi na Lango, na kabla yao wa Luwero, Kiswahili kilifika masikioni kwanza kama lugha ya mtu mwenye bunduki. Tunapoandika kwa lugha hii juu yao, tukumbuke wapi walikutana nayo.

Ripoti ninayoitegemea hapa ni ya Human Rights Watch ya Agosti 2010, iliyokusanya maelezo ya wanawake na wasichana wenye ulemavu 64 kaskazini mwa Uganda. Zaidi ya theluthi moja walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia, ukiwemo ubakaji. Hii haikuwa sampuli ya kitakwimu na haipaswi kunukuliwa kama asilimia ya wote. Thamani yake ni nyingine: inaonyesha namna mambo yalivyofanyika. Mwanamke aliyepoteza mguu anaachwa na mumewe. Anahitaji mtu wa kumchotea maji, kumjengea nyumba ya majani, kumbebea chakula cha msaada kutoka mahali kinapogawiwa. Anakuja mwanamume anayesaidia, na msaada una bei yake. Anakuja usiku, hataki kuonekana mchana akiwa naye kwa kuona aibu. Mimba inaingia, mwanamume anapotea. Kisha mwingine anakuja. Ndoa isiyotambuliwa na mtu yeyote haina wazee wa kuilinda, haina mahari ya kurudisha, haina mlango wa kubisha. Kwa maisha ya namna hii, ile kauli ya kuacha ngono, kuwa mwaminifu na kutumia kondomu ilikuwa inamshauri mtu kufanya maamuzi ambayo hayakuwa mikononi mwake. Na kambi zilipovunjwa na watu kurudi vijijini, wengi wa wanawake hawa walibaki nyuma, kwa sababu ardhi ilirudi kwa waume na ndugu waliokwisha kuwaacha.

Wanawake wenye ulemavu wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1999 walianzisha muungano wao wa kitaifa, NUWODU, bila kuvunja uhusiano na NUDIPU. Kuanzishwa kwa chombo hicho kunaeleza kitu: ndani ya harakati za ulemavu sauti ilikuwa zaidi ya wanaume, na ndani ya harakati za wanawake, ambazo wakati huo zilikuwa zikipigania sheria ya ardhi na ya ndoa, ulemavu haukuwa ajenda. Mtu aliyekaa katika makundi mawili hakuwakilishwa na lolote kikamilifu. Uganda ilipata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2006, ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2008, na ikapata Sheria ya Ukatili wa Majumbani mwaka 2010. Nazipita hizi haraka kwa sababu zimeandikwa sana. Nataka kukaa kwenye sheria ya nne, ambayo haijazungumzwa vya kutosha.

Mwaka 2007 Bunge liliirekebisha Sheria ya Jinai. Kifungu cha 129 kipya kilianzisha kosa la unajisi wenye uzito zaidi, ambalo mkosaji wake anaweza kuhukumiwa kifo, na kikataja hali zinazolipa kosa uzito huo. Miongoni mwa hali hizo: mtoto akiwa na umri chini ya miaka 14, mkosaji akiwa mzazi au mlezi, mkosaji akiwa na VVU, na aliyetendewa akiwa mtu mwenye ulemavu. Nimesoma kijifungu hicho mara kadhaa, kwa sababu hapo, katika mistari michache, virusi, ulemavu na ukatili wa kingono vimewekwa bega kwa bega. Sheria ikaongeza kwamba mshtakiwa lazima apimwe VVU.

Lakini kosa hilo ni la kumtendea mtu aliye chini ya miaka 18. Msichana mwenye ulemavu wa miaka kumi na saba analindwa na kifungu kizito kuliko karibu vyote katika sheria ya nchi. Siku anapotimiza kumi na minane, kinamtoka. Anabaki na kifungu cha ubakaji, ambacho marekebisho ya 2007 hayakukigusa kwa ajili yake, na ambacho kinadai athibitishwe kuwa hakuridhia. Na kama ulemavu wake ni wa akili, alikuwa amebakiwa na kifungu cha 130, kilichorithiwa tangu sheria ya kikoloni ya mwaka 1950, kinachozungumzia kumnajisi mwanamke "punguani au zezeta", adhabu yake ya juu ikiwa miaka kumi na minne, tena ikithibitishwa kwamba mkosaji alijua hali yake. Bunge liliona kifungu cha 129 likakiandika upya. Kifungu cha jirani likakiacha na maneno yake yote. Naona hapa ile dhana ya mwanzo kabisa. Wabunge waliweza kumfikiria mwanamke mwenye ulemavu akibakwa, ila kwa sharti kwamba ni mtoto. Mwanamke mtu mzima, mwenye haki ya kukubali na haki ya kukataa, hawakumwona.

Angalia pia sheria inamtaka nani apimwe. Mshtakiwa anapimwa ili adhabu yake ijulikane. Aliyetendewa anahitaji kitu kingine: dawa za kuzuia maambukizi, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72. Ndani ya saa hizo inabidi atoke kijijini, afike polisi, apewe Fomu ya Polisi namba 3, na fomu ijazwe. Kwa miaka mingi aliyetakiwa kuijaza alikuwa daktari wa polisi, ambaye wilaya moja ilikuwa na bahati kama inaye mmoja. Kwa mwanamke mwenye miguu yake miwili hii ilikuwa safari ngumu. Kwa anayetambaa, saa 72 ziliisha akiwa bado anatafuta mtu wa kumlipia bodaboda mbili, moja yake na moja ya anayemsindikiza.

Na akifika mahakamani? Sheria ya Ushahidi ya Uganda inakubali shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa kuandika au kwa ishara, mbele ya mahakama iliyo wazi. Maneno hayo ni ya zamani sana. Chimbuko lake ni Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyosafiri na Waingereza mpaka huku. Kwa hiyo hakuna hakimu anayeweza kusema sheria ilimzuia kumsikiliza kiziwi. Kilichokosekana ni mkalimani. Na hata mkalimani anapoletwa kutoka Kampala, anajua Lugha ya Alama ya Uganda, ile ya shuleni na ya kamusi ya 2006. Mwanamke kiziwi wa kijijini ambaye hakupelekwa shule ana ishara za nyumbani, alizozibuni yeye na mama yake jikoni na shambani: hii ni maji, huyu ni babu, yule ndiye aliyekuja. Ishara hizo zinajulikana na watu watano au sita duniani, wote wa nyumba moja. Mahakama inamwita mmoja wao kutafsiri. Na katika kesi za namna hii mshtakiwa mara nyingi ni jirani wa karibu au ni mtu wa nyumba hiyo hiyo, kaka wa mume au mume wa dada, ambaye familia itaendelea kula naye chungu kimoja hukumu ikishatolewa.